Gata la boksi nyuma ya ukuta wa kuficha paa: uchambuzi wa kisa cha nyumba moja ya Dar es Salaam

Nyumba yenyewe ni ya chini, vyumba vitatu, ya mtindo wa kuficha paa ambao sasa unauona kila kona ya Goba, Bunju na Kigamboni. Ukisimama barabarani huoni bati. Kuta zimepandishwa juu ya dari pande zote nne, na paa limelala nyuma yake, maji yake yakipokelewa na gata la boksi, yaani mfereji uliofichwa kati ya paa na ukuta. Malalamiko yalikuwa matatu. Dari la jipsamu la sebuleni linatoa maji mvua ikiwa kubwa, lakini manyunyu ya usiku kucha hayaachi hata doa. Kona ya chumba cha nyuma ina unyevu ukutani ambao hubaki siku kadhaa baada ya mvua kukatika. Na ukuta wa mbele, juu karibu na dari, rangi yake inafura na kubanduka. Mafundi walishaitwa zaidi ya mara moja. Kila mara walipanda na bunduki ya silikoni, wakapaka viungo vya gata, wakamwaga ndoo kadhaa za maji, wakaona dari kavu, wakashuka. Masika iliyofuata maji yalirudi.

Kisa cha aina hii kinastahili kufuatwa hatua kwa hatua, kwa sababu kimebeba karibu kila kosa linalofanyika kwa gata la boksi katika nyumba ya kuishi, na karibu kila kosa lingezuiwa kwa mstari mmoja kwenye mchoro.

Paa lilivyopangwa

Ndani ya kuta za kuficha, paa lina upana wa mita 12 na kina cha mita 10, yaani mita za mraba 120. Ni paa la mteremko mmoja, kutoka mbele kwenda nyuma. Bati ni za migongo mipana, zimekatwa kiwandani kwa urefu mmoja bila kiungo, kwa mteremko wa nyuzi 5. Hiyo ni tofauti ya kimo cha kama sentimita 87 kati ya mbele na nyuma. Hapo fundi wa kenchi alifanya vizuri. Wengi hushusha mteremko hadi nyuzi 3 au chini ili kupunguza tofali za ukuta wa kuficha, kisha maji yakirudishwa na upepo hupita chini ya migongo ya bati.

Maji yote ya mita 120 za mraba yanaishia kwenye gata moja lililolala kati ya mwisho wa bati na ukuta wa nyuma: urefu mita 12, upana milimita 300, kina milimita 150. Limekunjwa kwa bati bapa za geji 28, unene wa kama milimita 0.4. Bati bapa moja ina urefu wa mita 2.44, hivyo zimeunganishwa vipande vitano kwa viungo vinne, kila kimoja kikiwa na mpishano wa milimita 50, ribiti safu moja na silikoni juu yake. Kila mwisho wa gata kuna tundu sakafuni lenye bomba la plastiki la inchi 2, limefunikwa kwa wavu bapa, na bomba limefukiwa ndani ya ukuta hadi chini. Hakuna tundu lingine lolote la kutolea maji.

Gata la kawaida, lile linaloning'inia kwenye fisha bodi (ubao wa ukingoni mwa paa), likijaa humwaga maji nje. Mwenye nyumba analowa akipita mlangoni, basi. Gata la boksi limezungukwa na nyumba. Upande mmoja ni ukuta wa kuficha, upande wa pili ni kenchi na dari, na chini ni lenta. Likijaa, kingo iliyo chini zaidi ndiyo inayoamua, na katika nyumba hii kingo hiyo ilikuwa ya upande wa dari. Kwa hiyo swali la kwanza kwa gata la boksi ni maji yataelekea wapi siku litakapojaa. Kama halina jibu kwenye mchoro, jipsamu ndiyo itakayojibu.

Kusoma madoa kabla ya kupanda juu

Kabla ya kugusa chochote, muda wa kuvuja unasema mengi kuliko mahali doa lilipo, kwa sababu maji husafiri juu ya dari na kudondokea kwenye kiungo cha jipsamu au tundu la taa, pengine mita kadhaa kutoka yalikoingilia.

Kinachovuja kwenye mvua kubwa tu, na kunyamaza dakika chache baada ya mvua kupungua, ni kufurika. Maji yamevuka kingo. Kinachovuja hata kwa mvua ndogo ni tundu au kiungo kilicho chini kabisa, sakafuni mwa gata. Kinachoendelea kuvuja mvua ikiwa imekatika zamani ni maji yaliyotuama mahali yakatafuta njia polepole, mara nyingi kwenye sakafu ya gata iliyobonyea au kwenye bomba lililofukiwa ukutani. Na unyevu unaotokea tu mvua ikija na upepo wa upande mmoja hutoka kwenye kofia ya ukuta, yaani kifuniko cha juu yake, au nyufa za plasta ya nje.

Kwa kipimo hicho, dari la sebule lilikuwa kisa cha kufurika, kona ya chumba ilikuwa kisa cha bomba, na ukuta wa mbele haukuhusika na gata hata kidogo. Ndiyo maana silikoni haikusaidia: ilipakwa kwenye viungo, wakati sebule ilikuwa inapokea maji yaliyopita juu ya kingo. Viungo navyo vilikuwa vibovu, tutafika huko, lakini si vyo vilivyoloanisha dari la sebule.

Na zile ndoo za majaribio? Mvua yenye kasi ya milimita 150 kwa saa inapopiga mita 120 za mraba huleta mita za ujazo 18 kwa saa, sawa na lita 5 kila sekunde. Ni lita 300 kwa dakika. Ili kuiga mvua hiyo kwa ndoo za lita 20 unahitaji kumwaga ndoo 15 kila dakika, bila kupumzika. Mpira wa kumwagilia bustani unaotoa lita 20 kwa dakika ni sehemu ya kumi na tano tu ya mvua hiyo. Jaribio la ndoo tatu linathibitisha kwamba gata linahimili ndoo tatu.

Hesabu iliyokosekana

Dar es Salaam hupata kama milimita 1,100 za mvua kwa mwaka, na fundi anaweza kuona hiyo si kitu cha kutisha. Kinacholijaza gata lakini ni mvua ya dakika tano. Milimita 150 kwa saa maana yake ni milimita 12.5 zilizoshuka ndani ya dakika hizo tano, jambo ambalo mkazi yeyote wa pwani ameliona Aprili. Kwa gata la kuning'inia kiwango hicho kinatosha kwa hesabu. Kwa gata la boksi tunapendelea 200, kwa kuwa hapa maji ya ziada yanaingia ndani. Kanuni za mabomba za Australia zinafuata mantiki hiyohiyo: gata la ukingoni hupimwa kwa mvua kubwa ya aina inayotarajiwa mara moja katika miaka 20, na gata la boksi kwa ile ya mara moja katika miaka 100.

Sasa bomba la inchi 2. Watu hulipima bomba kwa kile linachoweza kubeba likiwa limejaa, lakini kwenye gata kinachoamua ni mdomo wake: ni maji kiasi gani yanaweza kuingia kwa uzito wa kina kilichopo juu yake. Tundu la milimita 50 lenye maji ya kina cha milimita 50 juu yake hupitisha kama lita 1.2 kwa sekunde. Kina kikifika milimita 100, lita 1.7. Gata likijaa hadi kingo, milimita 150, ni lita 2 hivi. Matundu mawili kwa pamoja, gata likiwa limejaa pomoni, hayafiki hata lita 4.2, wakati paa linaleta 5. Hata bila jani moja, gata hili lililokuwa tupu linajaa ndani ya kama dakika tano. Wavu bapa juu ya tundu, hata ukiwa msafi, hupunguza uwezo hadi karibu nusu, na hapo linajaa kwa dakika mbili na nusu.

Tundu la milimita 100 kwa kina kilekile cha milimita 50 hupitisha lita 4.7, mara nne ya lile la milimita 50, kwa tofauti ya bei ambayo haionekani kwenye gharama za nyumba nzima. Bomba la inchi 2 halina kazi kwenye gata la boksi. Hata kwenye gata dogo linazibwa na jani moja la mwembe likilala vizuri.

Kitu kingine kilichosahaulika ni uzito. Gata hili likijaa linabeba lita 540, yaani kilo 540, kilo 45 kwa kila mita. Lilikuwa limelazwa juu ya vichwa vya kenchi vilivyoachana mita 1.2, bila ubao chini yake. Bati ya milimita 0.4 haiwezi kuvuka mita 1.2 na mzigo huo bila kubonyea. Kwa levo ya mpira wa maji, katikati ya gata ilikutwa chini ya miisho kwa milimita 10, wakati ilitakiwa iwe juu. Mteremko ulikuwa umegeuka. Juu ya hapo, ukosi wa bomba ulikuwa umesimama kidogo juu ya sakafu, hivyo hata gata likipata mteremko sahihi lingebaki na maji. Hayo maji yaliyotuama hula bati, na hulea mbu. Dar es Salaam ilipata milipuko ya homa ya dengue mwaka 2014 na 2019, na mbu wake huzaliana kwenye maji yaliyotuama karibu na watu, gata zikiwemo.

Viungo na silikoni

Chuma hutanuka kama milimita 0.012 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Bati iliyo juani mchana na kupigwa na mvua ya ghafla inaweza kubadilika joto kwa nyuzi 40. Kwa gata la mita 12 lililofungwa kama kitu kimoja, hiyo ni karibu milimita 6 za kwenda na kurudi, kila siku, miaka yote. Kwa aluminiamu ni mara mbili yake. Lile gata lilipigwa misumari sakafuni ili lisisogee. Lilisogea hivyohivyo, likatanua matundu ya misumari na kuchana silikoni.

Silikoni yenyewe ilikuwa ile inayonuka siki inapobonyezwa. Ina asidi, na asidi hiyo hula zinki ya bati chini ya ule mstari mweupe unaoonekana mzima kwa juu. Ukiubandua unakuta kutu. Kwenye bati tumia isiyo na asidi, na iweke kati ya bati mbili kabla ya kupiga ribiti. Kupaka juu ya kiungo kilichokwisha fungwa ni kuficha, na jua la pwani halichukui muda mrefu kuufichua ukweli.

Kwenye bomba la ukutani, kiwiko kiliwekwa mara baada ya sakafu ya gata, kikaungwa kwa gundi na kupigwa plasta. Bomba linatanuka, plasta haitanuki, kiungo kinaachia. Hakuna anayeweza kukiona wala kukifikia bila kuvunja ukuta. Bomba la maji ya mvua lipite nje ya nyumba. Tunasema hivyo bila masharti, kwa nyumba ya kuishi. Anayetaka lisionekane alipake rangi ya ukuta.

Ukuta wa mbele haukuwa na fumbo: kofia yake ilikuwa plasta tambarare yenye nyufa, maji yakizama kwenye tofali kutoka juu.

Njia tatu mezani

Ya kwanza ilikuwa kubadilisha mabomba tu: kutanua matundu hadi inchi 4 na kuacha mengine yalivyo. Ingepunguza kufurika, lakini gata lingebaki limebonyea, limeoza kwenye viungo, na bado bila njia ya dharura. Haikufaa.

Ya pili ndiyo tunayoipendekeza kwa kila anayejenga upya. Ukuta wa nyuma usipandishwe. Kuta za kuficha ziwe tatu, mbele na ubavuni, na upande wa nyuma bati zitokeze nje ya ukuta kama nyumba nyingine yoyote, na gata la kawaida lining'inie nje. Kutoka barabarani nyumba ni ileile. Tatizo zima la gata la boksi linaondoka kabla halijazaliwa. Inashangaza jinsi chaguo hili linavyopitwa, eti kwa sababu mchoro ulioletwa ulionyesha kuta nne.

Kwa nyumba hii iliyokwisha ezekwa haikuwa rahisi. Bati ziliishia kwenye kingo ya ndani ya gata. Ili zifike nje zingehitaji kuvuka gata la milimita 300, ukuta wa milimita 150 na kutokeza milimita 50: nusu mita iliyopungua. Kuunga vipande vya nusu mita kwenye mteremko wa nyuzi 5 ni kutengeneza mstari mpya wa kuvuja wenye urefu wa mita 12. Kubadilisha bati zote ni gharama ya paa jipya.

Ikabaki ya tatu: kulijenga upya gata la boksi, lakini litoke nje ya nyumba kwenye miisho yote miwili na kumwaga kwenye visanduku vya kupokelea maji vilivyofungwa nje ya ukuta.

Ukarabati

Kazi kama hii ipangwe kati ya Juni na Septemba. Kuanza baada ya vuli kuingia ni kucheza na dari.

Skrubu za mwisho wa bati hufunguliwa kwa mita moja kutoka ukingoni ili bati ziinuliwe kidogo, gata la zamani likatwe na kutolewa. Kwenye kila ukuta wa ubavuni linatobolewa tundu la upana wa gata, milimita 300 na nafasi kidogo, kwa grenda ili tofali zisitikisike.

Kisha kitanda. Mbao zilizotibiwa za unene wa milimita 25 zinalazwa juu ya mbao za kubebea zilizoachana milimita 600, si 1,200, na hapa ndipo mteremko unapotengenezwa. Kanuni nyingi hukubali milimita 1 kwa 200. Kwa mikono na levo za maeneo yetu, nenda 1 kwa 100. Kilele kiko katikati, hivyo kila upande wa mita 6 unashuka milimita 60. Juu ya ubao ilazwe karatasi ya lami au nailoni nzito kabla ya bati kuwekwa. Bati isiguse zege wala plasta mbichi, kwani chokaa ya saruji inakula zinki na aluminiamu.

Gata jipya ni magata mawili ya mita 6, si moja la mita 12. Yanakutana kileleni, kila moja likiwa na mwisho uliozibwa, na juu yao inalazwa kofia ya bati inayofunika pengo bila kufungwa pande zote mbili. Kila nusu inacheza milimita 3 tu, na pengo lipo mahali ambapo maji hayapiti, bali yanaanzia. Bati ni geji 24, unene wa kama milimita 0.6. Kina ni milimita 150 kileleni na 210 miishoni, ili kingo za juu zibaki sawa. Ukijumlisha sakafu, pande mbili na midomo, ukunjo mpana zaidi ni kama milimita 780, unaotoka kwenye bati bapa ya milimita 1,220 bila kiungo cha urefu. Bati bapa sita zinatosha. Kila nusu ina viungo viwili, mpishano milimita 50 kufuata maji yanakoelekea, silikoni isiyo na asidi katikati, ribiti safu mbili zilizopishana kwa milimita 40. Msumari haupiti sakafuni hata mmoja. Gata linashikwa na vibano juu ya kingo, liwe huru kuteleza.

Upana wa milimita 300 usipunguzwe kwa ajili ya kuokoa bati. Mtu lazima aweze kuingiza mguu na jembe dogo la mkono. Gata jembamba halisafishwi, na lisilosafishwa limekwisha kuharibika.

Upande wa ukuta, mstari unachanwa kwa grenda kina cha milimita 25, bati ya flashingi (ya kufunika mwanya kati ya ukuta na gata) inaingizwa humo na kushuka juu ya kingo ya gata kwa milimita 75 bila kubandikwa nayo. Upande wa paa, bati zinaingia juu ya gata kwa milimita 50 na ncha zake zinakunjwa chini kidogo ili maji yadondoke, yasirudi kwa chini.

Visanduku vya nje ndivyo moyo wa kazi. Kila kimoja ni cha bati ileile, upana milimita 400, kutoka ukutani milimita 200, kimo milimita 300, chini yake bomba la inchi 4 linaloshuka nje ya ukuta. Mbele ya kisanduku panakatwa mdomo wa dharura, upana wa milimita 300, na ukingo wake uwe chini ya sakafu ya gata kwa angalau milimita 25. Kipimo hicho kikikosewa, kazi yote inarudi ilikotoka. Kikizingatiwa, bomba likiziba kabisa maji yanamwagika mbele ya kisanduku, nje, kabla hayajaanza kupanda ndani ya gata.

Hesabu mpya inatulia. Kwa milimita 200 kwa saa paa linaleta lita 6.7 kwa sekunde, lita 3.3 kwa kila nusu. Kwenye mwisho ulio wazi, maji hayo yana kina cha kama milimita 23 tu. Kisanduku kinahitaji kama milimita 40 za maji juu ya bomba la inchi 4 ili kuyapokea.

Mahali ambapo gata haliwezi kutoka nje mwishoni, kwa mfano likiwa limebanwa na nyumba nyingine, tundu la pembeni kwenye ukuta wa kuficha lenye upana wa milimita 300 hupitisha zaidi kidogo ya lita 5 kwa sekunde kwa maji ya kina cha milimita 50 juu ya kizingiti chake. Kizingiti kiwe chini ya kingo ya ndani kwa milimita 100: 50 za maji na 50 za akiba. Maji hayo yasielekezwe kwa jirani.

Mabomba ya ukutani yalizibwa juu na chini kwa zege na kuachwa yalivyo. Kofia ya ukuta wa mbele ilipewa mteremko wa kuelekea paa, bati iliyotokeza milimita 30 kila upande, na hilo likamaliza rangi kubanduka.

Jaribio la kupokea kazi

Ziba miisho yote kwa mbao na udongo wa mfinyanzi, jaza maji hadi milimita 100 miishoni, weka alama ya penseli, acha saa 24. Jua la Dar es Salaam litachukua milimita chache. Kikishuka sentimita, kuna tundu. Mtu aingie darini na tochi akague chini ya kila kiungo, na bila hivyo jaribio halijakamilika. Kisha fungua mwisho mmoja kwa mara moja na tazama kama kisanduku kinapokea bila kurusha. Mwisho, ziba bomba moja kwa kitambaa na endelea kumimina, uone kwa macho yako maji yakitoka mdomo wa dharura. Malipo ya mwisho ya fundi yasubiri jaribio hili.

Linafaa kwa nyumba ya kuishi?

Linafaa pale penye masharti manne kwa pamoja: njia ya dharura ya kutoka nje, mabomba ya inchi 4 yasiyofukiwa, mahali pa kupanda kwa usalama, na mtu atakayepanda kweli. Likikosa moja, chagua gata la nje. Nyumba ya kupangisha ambayo mwenyewe yuko mkoa mwingine haifai kuwa na gata la boksi. Kiwanja chenye mwembe au mkorosho uliofunika paa, vivyo hivyo.

Wapo wanaojenga gata la zege lililomwagwa pamoja na lenta. Halibonyei, na hilo ni faida kubwa, lakini zege hupasuka, hasa linapokutana na tofali. Unga wa kuzuia maji uliochanganywa kwenye plasta hauzuii ufa. Linahitaji skridi (tabaka la saruji na mchanga) ya mteremko 1 kwa 100, kona zote za ndani zijazwe mshazari wa milimita 50, zege likauke kama wiki nne, kisha membreni (utando wa kuzuia maji) ya lami ya milimita 4 ya kuchomelea kwa gesi, mpishano milimita 100, ipande kuta milimita 150 na ishuke ndani ya mdomo wa bomba. Bila rangi ya kuakisi jua au changarawe juu yake, lami hiyo hukakamaa.

Pwani hii imeshapita njia hiyo. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe, Zanzibar, zilijengwa na paa tambarare za chokaa, desturi iliyofaa nchi kavu za Uarabuni. Mvua za kisiwani zikawalazimu watu kuezeka mabati ya mteremko juu yake, na pale kuta za kuficha zilipobaki, gata liliachwa katikati ya bati na ukuta. Lilipozibwa na kuachwa, kuta za mawe na chokaa zilikunywa maji kutoka juu.

Usafishaji wa nyumba yetu uliwekwa mara tatu kwa mwaka: mwisho wa Februari kabla ya masika, mwisho wa Septemba kabla ya vuli, na mara moja baada ya mvua kubwa ya kwanza ya masika, kwa sababu hiyo ndiyo inayokusanya vumbi na majani yote ya kiangazi kwa mkupuo mmoja. Anayepanda abebe ndoo na atoe taka juu, asizisukumie kwenye bomba. Ndani ya kisanduku usiweke wavu bapa. Ukitaka kuzuia majani, weka kofia ya waya iliyosimama angalau milimita 100, ili majani yakilala chini maji yapite juu yake. Na kati ya tarehe hizo, anayeishi ndani atazame visanduku mvua ikinyesha: maji yakitoka mbele badala ya kushuka bombani, bomba la upande huo limeziba na lizibuliwe siku hiyohiyo.